Sura ya Sita: Ukoo wa Wasio na Ukoo

Kerenge ni kata ya wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara. Kwa mwaka mmoja tu, mtu anayeishi sehemu hizo anaweza kualikwa kwenye maulidi ya mfungo sita, khitima ya jirani, misa ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba na maombi ya marehemu siku inayofuata. Huenda pia akaitwa kwenye tambiko la ukoo ambalo wazee hawalitangazi kwa sauti. Watu huenda kote huko kwa sababu jamaa zao wako kote huko. Askofu mkuu wa Waanglikana wa Tanzania kuanzia mwaka 1984 hadi 1998 aliitwa John Ramadhani, na mmoja wa waliomtangulia kwenye kiti cha Zanzibar na Tanga aliitwa Yohana Jumaa. Mkoani Tanga majina kama hayo hayamshangazi mtu. Yanaeleza jinsi nyumba zilivyojengwa.

Katika nyumba za namna hiyo swali la sura hii linaulizwa bila kuhitaji chuo kikuu. Kanisa linaposema fulani ni mtakatifu, na Waislamu wanaposema fulani alikuwa walii, je, wanasema jambo moja? Wapo wanaojibu upesi kwamba Uislamu hauna watakatifu, kwa kuwa hakuna wa kuabudiwa ila Mungu. Wapo wanaojibu upesi vilevile kwamba mambo ni yaleyale. Majibu yote mawili yanaruka kazi. Ili kulijibu vizuri, inatupasa kuangalia nani anahukumu, nani anaombwa nini, na zaidi ya yote, watu wa pwani na bara yetu walikuwa na shida gani walipowapokea wenye heri hawa.

Mipaka ya mzimu

Kabla ya msikiti na kanisa, Wasambaa, Wazigua na Wabondei walikuwa tayari wanajua kwamba wafu hawaendi mbali. Mzee aliyekufa alibaki na neno katika mambo ya nyumba yake: mvua, uzazi, maradhi, ugomvi wa mirathi. Alipewa haki yake kwa tambiko, naye akawalinda watoto wake. Mpango huo ulikuwa na nguvu kubwa na mpaka ulio wazi. Mzimu uliwasikiliza wa damu yake. Mgeni asiyejua majina ya wazee wa ukoo hakuwa na mlango wa kubisha.

Sasa fikiria yaliyotokea Usambara baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Vuga, katika miaka ya 1860. Warithi walipigana, bunduki zikapanda milima, na mateka wakashushwa pwani kuuzwa. Kutoka Manyema, Uyao na Unyasa misafara mingine ilileta watu wengine Bagamoyo, Pangani na Unguja. Aliyeuzwa hakupoteza shamba na wazazi tu. Alipoteza hata wafu wake. Alifika mji ambao hakuna kaburi lililomjua, wala mzimu uliowahi kulisikia jina lake.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Kwa upande wetu wa dunia, mtakatifu na walii walipokewa kwa haraka na kwa mapenzi kwa sababu walikuwa wazee wasiouliza damu. Walitoa ukoo kwa wasio na ukoo. Kila dini ilifanya hivyo kwa njia yake, na tofauti za njia hizo ndizo tofauti za kweli kati ya utakatifu wa Kikristo na uwalii wa Kiislamu.

Nani anahukumu?

Mwanzoni dini zote mbili zilifungua mlango kwa upana. Paulo alipowaandikia Wakristo wa Rumi na Korintho aliwaita waumini wote watakatifu, pamoja na wale aliokuwa akiwakaripia. Qurani, katika sura ya Yunus, inawataja vipenzi vya Mungu kuwa ni watu walioamini na kumcha, bila kuorodhesha majina. Baadaye, huku na huku, watu wakaanza kuonyesha kwa kidole: huyu, na yule.

Kwa karibu miaka elfu moja Wakristo walifanya kama Waislamu wanavyofanya mpaka leo. Watu walikusanyika kwenye kaburi, habari za maombi yaliyojibiwa zikaenea, na askofu wa mahali akakubali. Papa alimtangaza mtakatifu kwa mara ya kwanza inayojulikana mwaka 993, naye alikuwa Ulrich, askofu wa Augsburg. Katika karne ya 13 Roma ikaichukua kazi hiyo yote. Tangu hapo utakatifu wa Kikatoliki una faili, mashahidi, wanahistoria, madaktari na hukumu. Kwa kawaida husubiriwa miaka 5 baada ya kifo. Askofu wa mahali hufungua shauri na marehemu huitwa Mtumishi wa Mungu. Ikithibitishwa kwamba aliishi fadhila kwa kiwango cha ushujaa, unatafutwa muujiza mmoja ili awe Mwenye Heri, na mwingine ili awe Mtakatifu. Shahidi aliyeuawa kwa ajili ya imani hahitaji muujiza ule wa kwanza. Watanzania tunalifuatilia shauri moja kwa karibu, la Mwalimu Julius Nyerere, lililoanzia Jimbo la Musoma na kumpa jina la Mtumishi wa Mungu tangu mwaka 2005.

Mfano wa Sista Irene Stefani unaonyesha jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Alikuwa Mwitaliano wa shirika la Konsolata, aliyefika Kenya mwaka 1915. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia aliwauguza wapagazi katika hospitali za kijeshi, zikiwamo za Kilwa na Lindi, ambako watu walikufa kwa kuhara na homa mbali na kwao. Baadaye alifanya kazi Gikondi, Nyeri, ambako Wakikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Watu wa Gikondi walikuwa wameshamaliza kesi yao. Roma ilimaliza yake baada ya karibu miaka 85: alitangazwa Mwenye Heri huko Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Muujiza uliokubaliwa ulitokea Nipepe, Msumbiji, mwaka 1989, wakati watu waliojificha kanisani kwa sababu ya vita walipomwomba awasaidie, na maji machache ya kisima cha ubatizo yakawatosha.

Waanglikana, ambao misheni yao ya UMCA ilishika Magila na baadaye Korogwe, hawana mahakama ya namna hiyo. Wao huingiza jina katika kalenda ya kanisa na kulikumbuka madhabahuni. Hivyo ndivyo anavyokumbukwa Frank Weston, askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908. Wakati wa vita aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi kutoka Unguja, na mwaka 1920 aliandika kijitabu kikali kupinga kazi ya kulazimishwa nchini Kenya. Alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924, siku ambayo kanisa lake huwaombea marehemu wote.

Katika Uislamu hakuna faili wala hakimu. Wanavyuoni wanatofautisha muujiza, ambao ni wa mitume, na karama, ambayo Mungu humpa walii. Wanaongeza onyo kali: jambo la ajabu linaweza kutokea hata mikononi mwa mtu mbaya, kwa hiyo ajabu peke yake haithibitishi kitu. Masheikh wa tarika, yaani njia za Kisufi, hufundisha kwamba karama kubwa kuliko zote ni kudumu katika njia iliyonyooka, na kwamba walii wa kweli huficha karama zake. Uwalii ni siri kati ya mja na Mola wake. Watu wanaweza kudhani vizuri, wakazuru na kuomba dua, lakini hakuna ofisi inayoweza kusema kwa hakika kwamba fulani yuko peponi. Kinachomtambulisha walii ni jamaa inayobaki nyuma yake: wanafunzi, halka ya zikiri inayoendelea kila wiki, ziara ya kila mwaka.

Tofauti hii ni nzito. Mkatoliki analitegemea kanisa zima limwambie kwamba mtu huyu yupo na Mungu, na akishaambiwa haruhusiwi kusitasita. Mwislamu anaachwa na tumaini na adabu. Wa kwanza anapata uhakika, na gharama yake ni kwamba watu wengi wema wa vijijini hawatafikiwa kamwe na mahakama ya Roma. Uislamu nao hauhitaji shauri, na gharama yake ni kwamba mlango uko wazi hata kwa mjanja mwenye kilemba kikubwa.

Silsila na somo

Bagamoyo ni mahali pazuri pa kuona dini zote mbili zikiwapa wageni ukoo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kujenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Katika mji huohuo aliishi kijana kutoka Manyema aliyeletwa pwani akiwa mtumwa na kulelewa katika nyumba ya Mwomani, Amir bin Sulaiman al-Lamki. Jina lake lilikuwa Yahya bin Abdallah. Dunia inamjua kwa jina la Sheikh Ramiya.

Ramiya alisoma, akapata uhuru, akawa mwalimu, na akapokea ijaza, yaani idhini, ya tarika ya Qadiriyya. Tarika hiyo ilikuwa imeenezwa pwani yetu zaidi na Sheikh Uwais wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuuawa mwaka 1909. Kwa ijaza hiyo jina la Ramiya liliingia katika silsila: kutoka kwa sheikh wake hadi kwa sheikh wa sheikh wake, hadi kwa Abdulqadir al-Jilani aliyefariki Baghdad mwaka 1166, hadi kwa Mtume mwenyewe. Mtoto aliyeng'olewa kwao Manyema sasa alikuwa na wazee ambao hata waungwana wa mji waliwaheshimu. Waingereza walipoichukua Bagamoyo mwaka 1916, huyu aliyewahi kuwa mtumwa akawa liwali. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Muhammad akaendelea na kazi. Maulidi ya Bagamoyo yakawa yanawavuta maelfu kutoka bara na pwani.

Lamu ilikuwa na kisa kinachofanana, ingawa kilianza upande wa pili. Habib Saleh alikuwa sharifu, mtu wa nasaba ya Mtume, aliyetoka Ngazija. Angeweza kukaa na wakubwa. Alikaa na watumwa na wageni, akawafundisha dini ambayo wengine waliona hawastahili kuisoma kwa kina, na wakubwa wa mji walichukizwa. Msikiti wa Riyadha ulitokana na kazi hiyo. Alifariki katika miaka ya 1930, na leo wanaokwenda maulidi ya Lamu wanakwenda kwake pia.

Kanisa lilifanya kazi hiyohiyo kwa jina la ubatizo. Mtoto aliyebatizwa alipewa mtakatifu wa kumwita somo wake, na siku ya somo huyo ikawa sikukuu yake. Aliyenunuliwa sokoni akaitwa Petro au Sesilia alikuwa sasa na mtu mbinguni anayemfahamu kwa jina, ambaye hakuhitaji kumuuliza ametoka mlango gani. Josephine Bakhita wa Sudan, aliyetekwa akiwa mtoto, aliteswa hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Alibatizwa Italia mwaka 1890, akawa mtawa, akafariki mwaka 1947 na kutangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Aliyesahau jina lake mwenyewe sasa ni somo wa wasichana wengi Afrika Mashariki.

Njia mbili hizi zina desturi tofauti. Baraka ya Kiislamu hutembea kwa mkono na mara nyingi kwa damu: sheikh humpa ijaza mwanafunzi, baba humwachia mwana, na nasaba ya Mtume ina uzito wake. Walii anaweza kuwa mume, baba, mwenye mashamba, hata liwali. Utakatifu wa Kikatoliki haurithiwi. Waliotangazwa wengi ni mashahidi, mapadre na watawa wasio na watoto, na kila mmoja anaanza upya mbele ya mahakama. Mmoja anajenga ukoo unaozaa. Mwingine anajenga ukoo wa majina yanayorithiwa na watoto wa watu wengine.

Ugomvi uko ndani ya kila nyumba

Yeyote anayedhani kwamba katika jambo hili Waislamu wote wako upande mmoja na Wakristo wote upande wa pili, atembee Usambara. Mwaka 1891 wamisionari wa Betheli walifika Mlalo na Ulutheri wao. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 21, linasema watakatifu wakumbukwe ili waumini waige imani yao, lakini wasiombwe, kwa kuwa mpatanishi ni Kristo peke yake. UMCA, upande wa Magila na Korogwe, walikuwa Waanglikana wa mrengo wa Kikatoliki, wenye ubani, sanamu na sikukuu za watakatifu. Ndani ya milima ileile Wakristo walifundishwa mambo mawili.

Waislamu nao hivyohivyo. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alipinga safari za kwenda kuyazuru makaburi, na mawazo yake yalipewa nguvu mpya Uarabuni. Katika miaka ya 1920 makuba ya makaburi ya Baqii mjini Madina yalibomolewa. Kwetu, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) na mwanafunzi wake Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy (1912–1982) waliandika kwa Kiswahili dhidi ya mambo waliyoyaona kuwa ni bidaa. Katika miongo iliyofuata Ansar Sunna wakaja na msimamo mkali zaidi, na Tanga ikawa mojawapo ya ngome zao.

Kwa swali hili moja, Mlutheri na mtu wa Ansar Sunna wako karibu zaidi kuliko kila mmoja alivyo na ndugu yake wa dini. Wote wawili wanauliza: Mungu yuko karibu na mja kuliko mshipa wa shingo yake, au Kristo ndiye mpatanishi wa pekee, basi huyu wa tatu wa nini? Na mtu wa tarika anajibu karibu sawa na Mkatoliki. Simwombi walii, atasema. Namwomba Mungu kwa jaha ya walii. Simwabudu mtakatifu, atasema mwingine. Namsihi aniombee, kama ninavyomsihi mama yangu aniombee.

Ninawaheshimu wanaopinga, na sidhani kwamba wamekosa moyo. Wanalinda jambo lililo kubwa kuliko yote katika dini zote mbili, kwamba Mungu hana mshirika. Wameona pia kinachotokea pale kaburi linapokuwa na mlinzi mwenye mkono ulionyooshwa, au pale mchungaji anapouza maji kwa chupa. Lakini wana deni kwa waliopoteza watu wao. Mungu alipowafanya wanadamu kuwa jamaa, hakusema kwamba ujamaa unakatika kwa kifo. Kwenye magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, watu bado huleta dua kwenye kaburi la mwanamke anayekumbukwa kwa jina la Sharifa. Wengi wao wanajua vizuri kwamba anayejibu ni Mungu. Wanachokitafuta kwake ni mtu wa kusimama naye mbele ya Mungu.

Namugongo mara mbili

Kuna mahali ambapo dini hizi ziliguswa na jambo moja. Namugongo, nje ya Kampala, palikuwa mahali pa kuulia watu kwa amri ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Mwaka 1876, chini ya Muteesa, waliuawa huko vijana Waislamu wa baraza lake, wanaokumbukwa kuwa wapatao 70. Walikuwa wamekataa kula nyama isiyochinjwa kwa sheria yao, na kuswali nyuma ya mtawala ambaye hakuwa ametahiriwa. Miaka 10 baadaye, tarehe 3 Juni 1886, chini ya Mwanga, Charles Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto mahali hapohapo.

Wakatoliki 22 waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 walitangazwa Wenye Heri mwaka 1920, kisha Papa Paulo wa Sita akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mwaka 1969 akaja mwenyewe Uganda. Waanglikana 23 wanakumbukwa na kanisa lao. Kila Juni mahujaji hutembea kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo. Waislamu wa mwaka 1876 hawana basilika wala orodha iliyotangazwa. Kwa sheria ya dini yao hawahitaji: shahidi amekwisha pokewa na Mola wake, na tangazo la mwanadamu halimwongezei kitu. Hata hivyo inaniuma kwamba mahujaji wengi wanaondoka Namugongo bila kusikia habari zao. Wengi wao walikuwa vijana wa ikulu, waliotolewa katika koo zao kumtumikia mtu aliyetaka kuwa baba yao wa pekee, na wote walimjibu kwamba wana wa juu zaidi yake.

Kipimo

Utakatifu na uwalii, basi, si jambo moja. Mmoja una hukumu, mwingine una tumaini. Mmoja haurithiwi, mwingine hupita mkono kwa mkono. Ila katika nchi zetu njia zote mbili zilijibu shida moja, na jibu hilo linatupa kipimo cha kutumia leo, tuwe tunazuru makaburi au tunakataza kuzuru.

Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, alitangazwa Mwenye Heri kijana Mkongo, Floribert Bwana Chui. Alifanya kazi katika ofisi ya kukagua bidhaa mjini Goma. Mwaka 2007 alikataa hongo ili kupitisha chakula kilichooza, akatekwa na kuuawa akiwa na umri wa miaka 26. Hakuwa padre wala mtawa. Aliwafia watu ambao wangekula chakula kile, watu wa sokoni asiowajua majina, wala hawakujua kwamba yuko mtu anayewalinda.

Mwislamu yeyote wa Kerenge, awe wa tarika au wa Ansar Sunna, akisimuliwa habari hiyo ataelewa mara moja, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kuhusu mja mwema. Mlutheri wa Usambara ataelewa pia, hata asipomwomba Floribert kitu chochote. Mahali ambapo mtu hudaiwa ada kwanza ndipo asikilizwe, ambapo mgonjwa huulizwa kabila lake, ambapo baraka imekuwa mali ya familia moja, hapo hapana utakatifu, hata kuba likipakwa dhahabu. Na mahali ambapo asiye na mtu amepata wa kumwita ndugu kwa sababu ya mtu mmoja aliyemcha Mungu, hapo tuheshimu, kila mmoja kwa adabu ya dini yake, na tuwafundishe watoto jina la mtu huyo.